Ukurasa Usiokwenda Kando

Mama alipopata kiharusi alikuwa amekaa barazani akijibu salamu. Jirani aliyekuwa akipita alitusimulia baadaye kwamba alimwamkia kama kila siku, akaona Mama ameinua uso na mdomo umefunguka, lakini kilichotoka hakikuwa marahaba. Ilikuwa sauti tu, kama ya mtu anayeongea usingizini. Kisha kikombe cha kahawa kikamponyoka, na mwenyewe akaangukia upande wa kulia.

Alirudi kutoka hospitali akiwa mzima wa akili. Macho yalikuwa yale yale, yaliyokuwa yakituona hata tukiwa nyuma ya mlango. Mkono wa kulia haukufanya kazi tena, mguu wa kulia aliuburuta, na maneno yote yalikuwa yameondoka. Ya kwetu aliyasikia na kuyaelewa. Ya kwake yalikwama mahali ambapo hata daktari alipoeleza sikupaelewa vizuri.

Asiyemjua Mama hawezi kuelewa tulipoteza nini. Katika mtaa wetu wa Bagamoyo, penye harusi au msiba, yeye ndiye aliyekaa mlangoni kupokea wanawake. Alijua nani aulizwe hali ya mgonjwa wake na nani asiulizwe habari za mume. Alijua mgeni wa kumkalisha karibu na wafiwa na mgeni wa kumpeleka jikoni akashike kazi. Hakuwahi kusoma zaidi ya elimu ya dini na madarasa machache ya shule, lakini nyumba ikiwa na watu na Mama hayupo, ilionekana haijafunguliwa.

Mimi ni mtoto wake wa mwisho, na kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Naifanyia kampuni moja ya Dar es Salaam, ila siku nyingi nakaa hapa nyumbani na kompyuta yangu, katika chumba kilichokuwa cha marehemu baba. Mama hakuwahi kuelewa sawasawa ninachofanya. Akiulizwa alisema, "Anachora vitu ndani ya simu." Halikuwa jibu baya.

Aliyekuja kunisaidia kumuuguza ni mdogo wake, ambaye mimi namwita Mama Mdogo. Aliolewa Mkange miaka mingi iliyopita na huko ndiko kwake, lakini alipopata habari alifunga mlango, akaja na kikapu cha unga wa muhogo na kanga zake, akatandika godoro chumbani kwa dada yake. Yeye na Mama walifanana sauti. Ukiwa chumba cha pili usingejua ni nani kati yao anayesema. Wiki za mwanzo jambo hilo lilinitesa. Nilikuwa nikisikia sauti ya Mama inaita niletee maji ya kuoga, nakimbia, nafika namkuta Mama kimya kitandani na mdogo wake ameshika ndoo.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilichukua kishikwambi changu, nikatengeneza programu yenye picha kubwa kubwa. Kila picha ilikuwa na neno lake, na ukiigusa neno linasemwa. Maneno aliyasema Mama Mdogo. Alikaa kwenye kiti cha baba, akajifunga kanga kichwani kana kwamba anakwenda kuswali, akasema moja moja: maji, chai, naumwa, nigeuze, nataka kwenda msalani, funga dirisha. Nilimpa Mama kishikwambi mkono wa kushoto, nikamwonyesha picha ya maji. Aliigusa. Sauti ikasema, "Naomba maji." Mama alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, kisha akacheka bila sauti, na machozi yakamtoka.

Furaha ile haikudumu. Programu niliipanga kama tunavyozipanga kazini. Ukitelezesha kidole kwenda juu, unaona maneno zaidi ya aina ile ile. Ukitelezesha kwenda kando, unahamia ukurasa mwingine: kulia maumivu ya mwili, kushoto watu wa nyumbani. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la kawaida, kila mtu mwenye simu analijua. Lakini Mama alikuwa akitumia mkono ambao maisha yake yote haukushika hata kijiko. Alipotaka kwenda juu, kidole kilikwenda mshazari. Ukurasa uliyumba, ukaondoka, ukaja mwingine ambao hakuuomba. Alitaka chai, akajikuta mbele ya picha za magoti na migongo. Alijaribu kurudi, akapotelea upande wa pili. Mwisho alikiweka kishikwambi juu ya shuka na kugeuza uso ukutani.

Mama Mdogo aliniita jikoni.

"Mwanangu," akaniambia, "hicho kitu chako kinamdhalilisha dada yangu."

"Atazoea, Mama Mdogo. Mkono ndio kwanza unajifunza."

"Mkono umejifunza kadiri ulivyoweza. Wewe nenda kautazame."

Nilikwenda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwomba Mama ajaribu tena, na safari hii sikutazama skrini. Nilitazama mkono wake. Niliona kwamba kidole, kabla ya kupanda, kinaanza kwa kuburutika kando, kama mtu anayetafuta pa kuweka mguu kabla hajasimama. Baada ya hapo ndipo kinapopanda. Kila mara ilikuwa hivyo.

Nilimpigia mwenzangu wa kazini, fundi mzoefu kuliko mimi. Akanishauri nifanye programu isubiri kidogo, ione kidole kimeanza kuelekea wapi, kisha ishike njia hiyo hiyo mpaka kidole kinyanyuliwe. Ni ushauri mzuri, na kwa watu wengi unafaa. Kwa Mama uliharibu zaidi. Kwa kuwa kidole chake kilianza kando, programu iliamini anataka kwenda kando, ikamshikilia huko. Alikuwa akivuta juu kwa nguvu zake zote na ukurasa unakataa. Siku ile hakugeuka ukutani. Alinitazama mimi. Sikuweza kukaa mbele ya macho yale, nikatoka uani.

Kesho yake asubuhi niliamua kuifunga kabisa njia ya kando. Niliandika kwamba ukurasa uende juu na chini tu, na kidole kikivutwa kushoto au kulia, lolote litakalokuwa, usitikisike. Kuandika hayo hakukuchukua muda. Kilichonikalisha ni kazi iliyofuata. Bila njia ya kando, kurasa zote tatu zilibidi ziwe safu moja ndefu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuamua lipi liwe juu na lipi liwe chini. Nikaweka maji juu, kisha msalani, kisha dawa, kisha maumivu. Watu wa nyumbani niliwaweka chini. Niliona ndiyo akili. Mgonjwa anahitaji maji kwanza.

Mama alipokipokea, alivuta. Kidole kikaburutika kando kama kawaida yake na ukurasa haukujali. Kikapanda, na ukurasa ukapanda nacho. Akavuta tena. Akashuka, akapanda, akashuka, kama mtu anayejaribu mlango mpya. Uso wake ulitulia. Mama Mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni akarudi jikoni. Baadaye nikamsikia akiimba kaswida polepole huku anapepeta mchele.

Tangu siku hiyo Mama aliomba chai mwenyewe, akaomba kugeuzwa mwenyewe. Wageni walikuja kumtazama, nao wakawa wanaonyeshwa. Lakini niliona jambo ambalo sikulitegemea. Kila mgeni akiingia na kumwamkia, Mama alikamata kishikwambi na kuanza kuvuta ukurasa chini, chini kabisa, akipita maji, akipita dawa, mpaka mwisho wa safu, na huko akasimama bila kugusa kitu. Mgeni alikuwa ameshakaa na kuanza kuuliza hali, na Mama bado anatafuta. Mara nyingine aligusa picha ya chai, na mgeni akadhani Mama ana kiu.

Mama Mdogo ndiye aliyelitambua. "Anakujibu," alimwambia jirani mmoja. "Umemwamkia, na yeye anatafuta marahaba." Akanigeukia. "Humo ndani hukuweka marahaba?"

Sikuweka. Nilikuwa nimefikiria mwili wake wote, toka kichwa hadi kisigino, na sikufikiria kwamba kazi ya kwanza ya ulimi wa Mama, tangu nimjue, ilikuwa kupokea watu. Tuliingia chumbani kwa baba saa ile ile, Mama Mdogo akasema marahaba, karibu ndani, karibu kiti, hamjambo huko, poleni na safari, msalimie mama. Niliyaweka juu kabisa, juu ya maji. Jirani yule, ambaye ndiye aliyekuwa akipita siku Mama anaanguka, alitoka nje, akapiga hodi upya, akaingia na kusema, "Shikamoo."

Mama akagusa. "Marahaba," ikasema sauti. "Karibu kiti."

Jirani alikaa, na alipokaa alijifunika uso kwa upande wa kanga yake.

Alikuwepo mtu mmoja ambaye bado hakuwa amekuja kumtazama Mama, naye ni kaka yangu. Sisi tuko wawili tu. Yeye anakaa Lugoba, ana gereji kando ya barabara kuu. Baba yetu alipofariki tulimpigia kaka alfajiri, na maziko yakapangwa baada ya swala ya adhuhuri. Adhuhuri ikapita, maiti haingoji, watu wakazika. Kaka alifika baada ya alasiri, nguo zimejaa vumbi na mafuta, akasema gari limemharibikia njiani. Mama alikuwa ameshaanza eda, amekaa chini ndani. Hakumpa nafasi ya kueleza. Alimwambia mbele ya watu, "Baba yako hukumzika. Na mimi usije kunizika."

Kaka alisimama pale kama aliyepigwa. Kisha akaondoka. Miaka ilipita, na hakuna kati yao aliyemtaja mwenzake. Mimi nilikuwa nikienda Lugoba kumwona, na nikirudi Mama hakuniuliza nimetoka wapi, ingawa alijua.

Mama alipougua nilimpigia mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi mama amenikataza." Nikimwambia alichokatazwa ni kuzika, si kuuguza, alirudia lile lile. Mwisho Mama Mdogo alichukua simu mkononi mwangu. "Mwanangu," akasema, "sauti hii ni ya mama yako. Inakwambia njoo." Sijui kama kaka alielewa kwamba ni yeye au alidanganyika kwa nukta moja kwamba ni Mama. Ijumaa iliyofuata alikuja.

Aliingia baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, amekonda kuliko nilivyomzoea. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, Mama."

Mama alimtazama. Mkono wa kushoto ulisogea polepole, ukagusa. "Marahaba," ikasema sauti.

Kaka alianza kulia. Mama hakukiweka kishikwambi chini. Aliendelea kuvuta ukurasa. Alishuka mpaka mwisho, akapanda mpaka juu, akashuka tena. Halafu akafanya jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu nilipoifunga njia ya kando: alivuta kando. Hakikuwa kidole kinachopotea njia. Alikuwa anavuta kwa kusudi, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, akibonyeza kioo mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Alikumbuka kwamba zamani kulikuwa na kurasa nyingine upande ule. Alidhani anachokitafuta kimebaki huko.

"Mama, huko hakuna kitu," nilimwambia. "Yote yako hapa. Juu na chini tu."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa naye anaona taa inawaka ndani. Akavuta tena kando. Ukurasa haukutikisika. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri.

"Anataka neno," Mama Mdogo alisema. Aliinama karibu na uso wa dada yake. "Maji? Unataka kulala? Unataka mtoto asogee?" Mama alikataa kwa kichwa kila mara, na pumzi zikaanza kumpanda. Mama Mdogo akamtazama kaka aliyepiga magoti, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Unataka kumpa radhi?"

Mama alifumba macho. Kichwa kikainama, mara moja, polepole.

Niliinuka haraka. "Mama Mdogo, twende tukalirekodi. Sasa hivi."

Hakuinuka. "Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Maji nimemwombea, chai nimemwombea. Radhi si kitu cha kusemewa. Nikisema mimi nimekuwia radhi, inakuwa yangu. Na yangu huyu anayo siku zote, hakunikosea kitu."

Nilitaka kubishana. Kaka naye akasema, bila kuinua kichwa, "Basi imetosha. Nimeona ameitikia." Lakini Mama alikuwa amekataa kutosheka. Aliuacha ukurasa, akakamata mkono wa mdogo wake, akauvuta mpaka kwenye kishikwambi, akaugonga juu yake. Aliugonga tena. Sijawahi kumwona akimlazimisha mtu hivyo hata alipokuwa mzima.

Mama Mdogo alimwangalia. "Dada," akasema, "sauti iwe yangu na radhi iwe yako. Ndivyo?"

Mama akaitikia.

"Mbele ya Mwenyezi Mungu?"

Akaitikia.

"Basi mimi nitakuazima ulimi tu. Atakayegusa ni wewe. Mtu mwingine yeyote asiliguse neno hilo, hata kwa kujaribu." Alinitazama mimi aliposema hivyo.

Tulikwenda chumbani kwa baba. Alitawadha kwanza. Akakaa, akafumba macho, akasema kwa kutua, na sikumwomba arudie. Nilihangaika pa kuliweka. Juu lingeguswa kwa bahati mbaya na mkono ule unaoyumba. Nikaliweka chini kabisa, baada ya kila kitu, peke yake, na nafasi tupu kabla yake. Halikuwa na picha. Sikujua picha ya kuweka.

Tuliporudi, kaka alikuwa bado chini pale pale. Nilimpa Mama kishikwambi. Sikumwelekeza. Alivuta ukurasa, akapita salamu, akapita maji na dawa, akapita magoti na mgongo, akapita sura zetu. Alichukua muda wake. Kidole kiliburutika kando kila alipoanza, kisha kikapanda, na ukurasa ulikuwa ukimfuata kwenda mahali alipotaka. Alifika kwenye nafasi tupu, akavuta mara ya mwisho, akagusa.

"Nimekuwia radhi, mwanangu. Uje unizike."

Maneno ya mwisho sikuyategemea, kwa kuwa Mama Mdogo aliyasema kwa sauti ndogo sana wakati wa kurekodi nami nilidhani anajisemea. Kaka aliweka paji la uso juu ya mkono wa Mama usiofanya kazi, akakaa hivyo mpaka muadhini alipoadhini alasiri.

Baada ya hapo alikuja kila Ijumaa. Alikuwa akimnyoosha Mama mguu kama mtaalamu wa mazoezi alivyotuelekeza, akimsimulia habari za magari ya Lugoba, magari ambayo Mama hakuyajua wala hayakumhusu, na Mama alisikiliza yote. Siku moja katika kumsimulia alifika kwenye gari lake mwenyewe, siku ya maziko ya baba, jinsi lilivyozima Vigwaza, alipokuwa amemfuata shangazi yetu ili waje pamoja. Shangazi mwenyewe alipanda basi lililopita, akafika kwa wakati, na hakuna aliyemuuliza alikuwa na nani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akagusa, "Pole na safari."

Mama alifariki kabla ya mvua za masika, kiharusi cha pili, asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika. Kaka alifika mapema kuliko watu wa mtaani. Aliingia kaburini yeye mwenyewe, akampokea, akamlaza. Alipotoka udongo ulikuwa umemjaa mpaka kwenye ndevu, na watu walipotaka kumpangusa aliwaambia wauache.

Siku za msiba zilipokwisha, Mama Mdogo alianza kukunja kanga zake ili arudi Mkange. Nilimwona amesimama mbele ya meza, anakitazama kishikwambi bila kukigusa.

"Lile neno," akasema, "lifute."

"Nilikuwa nataka kulitunza, Mama Mdogo. Na mimi niwe nalisikiliza."

"Lako ulipewa kwa mdomo wa mama yako alipokuwa na mdomo. Lile lilikuwa la kaka yako, na amelipokea. Likibaki humo bila kidole cha dada yangu, ni mimi tu naongea."

Nililifuta mbele yake. Alisubiri mpaka alipoona limeondoka, akaitikia kwa kichwa. Maneno mengine hakuniambia niyafute, na sijayafuta. Kisha akaniomba nimsaidie kufunga kikapu, maana kaka alikuwa ameshaanza kupiga honi nje, amekuja kumpeleka Mkange.